Leleshwa Isiyonukia

LOMAYANI: Nyanyua mkono kwanza tunuse.

AIKA: Loma, tunarekodi!

LOMAYANI: Ndiyo maana nakwambia unyanyue. Jamani, dada yenu Jumanne kapanda kifodi, kidaladala cha Kisongo hapa Arusha, na majani kwapani.

AIKA: Ngoja nijieleze mwenyewe. Mnaujua ule mche wangu wa leleshwa, mti wa porini wa majani ya kunukia, nilioununua barabarani elfu tatu. Naumwagilia kila jioni kama nauguza mgonjwa. Sasa si wewe uliyesema morani wanaweka leleshwa kwapani, jasho halinuki?

LOMAYANI: Wanaweka leleshwa. Wewe umeweka mzeituni pori.

AIKA: Mama wa siti ya nyuma akafungua dirisha. Hakusema kitu. Akafungua tu.

LOMAYANI: (anacheka) Hilo ndilo jibu la maabara. Umeleta tawi? Lete hapa. Unaona majani yamekaa mawilimawili, yanatazamana? Huo ni mzeituni, sisi Wamasai tunauita oloirien. Leleshwa majani yake yanapishana, moja huku, moja kule. Geuza. Chini ni kijivu cha kuelekea dhahabu. Leleshwa chini ni nyeupe, kama mtu kabandika sufu. Sasa lifikiche.

AIKA: Linanuka jani.

LOMAYANI: Leleshwa ukilifikicha, kafuri inakupanda puani.

AIKA: Kafuri ya maiti? Kwa hiyo ningepata leleshwa yenyewe, kwenye kifodi ningenukia msiba!

LOMAYANI: Konda angekuita marehemu.

AIKA: Halafu ulishaniambia leleshwa ina undugu na alizeti, bado sijakubali. Mti wa mita sita!

LOMAYANI: Ukoo haupimwi kwa urefu, chalii. Lile unaloita ua la alizeti ni kichwa, kimebeba maua madogo mamia. Leleshwa nayo ina vichwa, vidogo, rangi ya maziwa, ila haina zile petali za njano pembeni.

AIKA: Alizeti mnakamua mafuta, leleshwa mnaweka kwapani. Ukoo gani huo?

LOMAYANI: Kwapa tena! Tuna mambo matano hapa ya kuotesha, hatujagusa hata moja.

AIKA: Basi la kwanza. Nitafute mche wa kweli, nipande pale mtelemkoni, udongo uache kuondoka.

LOMAYANI: Mmoja hauzai mbegu. Kuna dume na kuna jike, kila mmoja mti wake.

AIKA: Nitautafutia mchumba.

LOMAYANI: Mimi nakwambia usipande kabisa. Ile inajiotea. Mbegu ina manyoya kama pamba, upepo unaibeba. Ukikata, kisiki kinachipua. Malisho yakishachoka, inaingia inajaa, nyasi zinapungua. Ng'ombe wa baba mdogo wale nini?

AIKA: Nyasi zimemalizwa na ng'ombe, leleshwa inasingiziwa! Jua la Kisongo nipande nini, mgomba?

LOMAYANI: Panda nyasi.

AIKA: Nyasi za kumwagilia kwa maji ya boza?

LOMAYANI: Aika, wewe una kiwanja. Sisi tuna malisho.

AIKA: Na mnaochoma mkaa wa leleshwa ni nani? Mbona huo hamuuchukii?

LOMAYANI: Tukichoma tunapunguza.

AIKA: Wakati umetoka kusema kisiki kinachipua!

LOMAYANI: ...Hapo sijibu. Lakini usipande.

AIKA: Napanda.

LOMAYANI: Haya. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Yale matano?

AIKA: Acha. La kitalu, la kutenga dume na jike, yote wiki ijayo.

LOMAYANI: Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo.

AIKA: Sasa huu mzeituni nifanyeje, ning'oe?

LOMAYANI: Uache ukue. Bibi yangu atakuja kukata kijiti cha kufukizia kibuyu cha maziwa.

AIKA: Na kwapa?

LOMAYANI: Kaoge.