Wamisri Waliowatikisa Wafalme wa Kigiriki

Mabibi na mabwana, ukitajwa utawala wa Wagiriki nchini Misri, wengi wetu humkumbuka Cleopatra. Leo nawaombea nafasi wenyeji waliolima na kulipa kodi, maana wao ndio waliouyumbisha utawala huo kabla Roma haijaumaliza.

Alexander Mkuu, mfalme wa Masedonia kaskazini mwa Ugiriki, aliingia Misri mwaka 332 KK, akaitwaa mikononi mwa Waajemi. Baada ya kifo chake jemadari wake Ptolemy aliishika nchi, na ukoo wake ukatawala kutoka Alexandria kwa karibu miaka 300. Walowezi wa kijeshi waligawiwa mashamba, na hata mafuta ya mbegu yaliuzwa kwa bei iliyopangwa na serikali. Mmisri aliyetaka cheo ilimbidi ajue Kigiriki.

Mwaka 217 KK, huko Raphia karibu na Gaza, Ptolemy wa Nne alimkabili Antiochus wa Tatu, mfalme wa Syria. Askari hawakumtosha, kwa hiyo aliwapa Wamisri wapatao 20,000 mikuki mirefu na kuwafundisha kupigana Kimasedonia. Wakashinda! Mwanahistoria Polybius anasema baada ya hapo hawakukubali tena kuamrishwa. Na kweli, mwaka 205 KK hivi kusini kulisimama farao mwenyeji, Horwennefer, kisha Ankhwennefer. Uasi huo ulidumu karibu miaka 20, hadi 186 KK.

Lile Jiwe la Rosetta, lenye maandishi ya Kimisri na Kigiriki, husifiwa kwa kutufungulia maandishi ya kale, lakini someni kilichoandikwa. Ni amri ya makuhani ya mwaka 196 KK, vita vikiwa bado vinaendelea: kodi zimepunguzwa, madeni yamesamehewa, wafungwa wameachiliwa, mahekalu yamepewa ruzuku. Mimi naona hapo mfalme kijana, Ptolemy wa Tano, anayewahitaji makuhani kuliko wao wanavyomhitaji.

Baadaye ndugu wa ukoo ule walipigania kiti wao kwa wao, na baadhi ya walioshindwa walikimbilia Roma. Ptolemy wa Kumi na Mbili alirudishwa madarakani mwaka 55 KK kwa fedha za kukopa kwa Warumi. Binti yake ndiye Cleopatra. Mwandishi wa kale Plutarch anaandika kwamba wafalme waliomtangulia hawakujisumbua kujifunza Kimisri; yeye alikijua. Lakini mwaka 30 KK Octavian, kiongozi wa Roma, aliiteka Alexandria, na nafaka ya wakulima wa Nile ikaanza kupakiwa kwenda Roma.