Mwezi wa Nne Atanunua Nani?

Assalaam aleikum, na wote hamjambo. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie kuanzisha biashara nyumbani. Wengi mmekuja mkijiuliza muuze nini: mandazi, ming'oko, sabuni, vitenge, korosho za kubangua. Naomba tuanze na swali lingine. Mwezi wa nne, yaani Aprili, mteja wako atakuwa nani, na fedha ataitoa wapi?

Huku kwetu Mtwara na Lindi fedha ina msimu wake. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, hata aliyeweka meza jana barazani anauza. Ukianza Novemba utajiona hodari wa biashara. Kisha kinaingia kifuku, msimu wa mvua, chakula cha ndani kinapungua, shamba linataka palizi, na baadaye mikorosho inataka dawa. Hapo jirani anakuja: "Dada, nipe tu, nitalipa korosho zikiuzwa." Na hasemi uongo. Lakini kumbukeni msimu wa 2018/2019. Bei ya wanunuzi ilikataliwa, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri sana malipo yao. Aliyekuwa amekopesha mtaa mzima naye alisubiri pamoja nao.

Kwa hiyo angalia nani anayekuzunguka ana kipato kisichofuata korosho. Kuna walimu, wauguzi wa hospitali ya Ligula, vibarua wa bandarini, wanafunzi wa vyuo, abiria wa stendi. Kama hao wanaweza kukifikia unachouza, nakuambia jaribu. Kama wateja wako wote ni wakulima watupu, usijifungie kwenye biashara ya mwaka mzima. Fanya ya msimu, funga Januari, hakuna aibu.

Nikae kidogo kwenye korosho, maana naona wengi mnaifikiria. Kilo moja ya korosho zilizobanguliwa inataka kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Tuseme ghafi umeipata kwa 2,500. Kilo tano ni 12,500, kabla hujanunua kuni wala mifuko, kabla hujajilipa wewe uliyekaa chini kutwa. Na zinazovunjika haziuzwi bei ya nzima. Halafu ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake mkali. Kama jiko lako ndilo analotambaa mtoto, biashara hiyo haifai kufanyika humo, hata faida iwe nzuri kiasi gani. Na ghafi yenyewe usiinunue kwa kangomba, yaani kwa mlango wa nyuma, nje ya mfumo rasmi. Ni kosa kisheria, na unamnyonya mkulima ambaye pengine ni shangazi yako.

Sasa nyumba yenyewe. Mandazi 100 yakitoka jikoni, 15 yanaliwa na wenye nyumba, na jioni unashangaa mtaji umeingia wapi. Sisemi muwanyime watoto. Andika: leo nyumba imekula 15, kisha fedha ya matumizi iyalipe. Bila hivyo hutajua kama biashara inakulisha au wewe ndiye unayeilisha. Mkae na baba watoto au mama mkwe mkubaliane kabla, maana meza ikishawekwa kila mgeni ataona soda ni za ukarimu.

Mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, na mimi naipenda. Lakini marejesho hayangoji minada. Anza na fedha ndogo ambayo si ada ya mtoto wala dawa ya mikorosho, upite nayo kifuku kimoja, ndipo ukope.

Kwa makaratasi: namba ya mlipakodi iko TRA, leseni iko halmashauri, na chakula cha kufungasha kinahusu TBS, shirika la viwango, ambao walipewa kazi hiyo mwaka 2019. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo hapa Mtwara. Waulizeni kuhusu mafunzo na mashine kabla ya kununua chochote.

Nimemaliza upande wangu. Mwenye daftari na kalamu asogee mbele na biashara anayoifikiria. Tutaanza na mama aliyetaja sabuni: tuambie, mama, pipa moja la malighafi linakugharimu kiasi gani, na mwezi wa nne uliopita mtaani kwako sabuni ilinunuliwa na nani?