Kifuta Jasho Si Fidia

Ndugu zangu, nimelisema Ifakara, nimelisema Morogoro, na leo nalirudia: kifuta jasho si fidia. Fidia hulipa kilichopotea. Kifuta jasho, hela ambayo serikali humpa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, ni pole tu.

Kuna mama mmoja bonde la Kilombero, chini ya Milima ya Udzungwa. Mpunga umeshainamisha masuke, usiku tembo wakashuka. Wanakijiji wamepiga madebe, wamewasha mioto, wapi! Asubuhi akanipitisha shambani. Kila unyayo upana wa sinia, umejaa maji, na mpunga umezama topeni. Fomu ya maombi ameifunga kwenye pindo la kanga, pale anapoweka hela. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanapouliza umbali, wanataka nini?"

Hapo ndipo ninapokasirika. Kanuni za 2011 zilipanga hivi: shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi, mwenyewe hapati kitu. Kati ya mita 500 na kilometa 1, shilingi 25,000 kwa ekari. Ukitaka 100,000, uwe umelima zaidi ya kilometa 5 kutoka mpakani, na hazihesabiwi ekari zaidi ya 5. Sasa tembo akitoka msituni anaanza na shamba la nani? Si la jirani yake wa kwanza?

Najua mtu atasema, "Si waliifuata hifadhi wenyewe?" Hapana, jamani! Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na vijiji vikakua kando yake. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992. Nani kamfuata nani? Kama serikali haitaki mtu alime mpakani, impe shamba kwingine kwanza.

Wala sitetei majangili. Msitu ule ndio unaowashushia wakulima maji, na mbega mwekundu wa kule humkuti nchi nyingine. Wanakijiji wanalijua hilo kuliko sisi tuliokaa humu.

Wengine watasema, tuweke mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba. Ndiyo, tembo anamwogopa nyuki, na uzio wa mizinga umejaribiwa huko huko Udzungwa. Lakini mzinga mtupu hauzuii tembo, na nyuki hawaingii kwa kuamriwa.  Naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi naomba kimoja. Ule mstari wa umbali kwenye fomu ugeuzwe: aliye karibu zaidi na mpaka alipwe kwanza, na alipwe gunia kwa gunia.