Asmini Juu ya Paa la Gereji

BINTI: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, karibuni tena barazani kwetu. Niko na shangazi yangu, kama kawaida. Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?

BINTI: Salama. Leo tunamzungumza Etty Hillesum, msichana wa Kiyahudi wa Uholanzi. Alizaliwa tarehe 15 Januari 1914 katika mji wa Middelburg. Mwezi Machi 1941, akiwa Amsterdam, nchi yao imeshakaliwa na Wajerumani, akaanza kuandika shajara. Nilikuletea tafsiri yake ya Kiingereza wiki iliyopita.

SHANGAZI: Uliniletea Jumamosi, nikaisoma mpaka miwani ikaniachia alama puani. Wewe uliniambia ni habari za vita.

BINTI: Nilisema hivyo, ndiyo.

SHANGAZI: Mimi nimekutana na busati la usumba.

BINTI: Lile la bafuni?

SHANGAZI: Lile lile. Anasema alipiga magoti kuomba juu ya busati la nyuzi za nazi, katikati ya bafu kubwa lisilopangwa vizuri. Wewe uliusoma mstari ule ukapita, si ndiyo?

BINTI: Nilipita. Niliona ni maelezo ya chumba tu.

SHANGAZI: Sasa mimi nimekulia kwenye makumbi. Marehemu mama alikuwa akiyafukia pwani, pale maji yanapokupwa na kujaa, anayawekea mawe juu ili bahari isiyachukue. Yanakaa humo miezi. Yakifukuliwa, harufu yake haitoki mwilini kwa sabuni moja. Halafu unayapiga kwa kipande cha mti mpaka nyuzi ziachane, unazianika, unakaa chini unasokota kamba. Najua usumba unavyochoma. Ukipiga magoti juu yake dakika tano, ukiinuka una michirizi myekundu. Nilipofika pale nilifunga kitabu nikayashika magoti yangu.

BINTI: Na kwake kupiga magoti hakukuwa jambo la kawaida.

SHANGAZI: Si la kawaida hata kidogo. Anasema Mayahudi hawakurithishana ibada ya namna ile, yeye ilimbidi ajifunze pole pole, peke yake. Na kusimulia habari hiyo kulimtia haya kuliko kusimulia mambo yake ya mapenzi.

BINTI: Ambayo aliyasimulia bila kificho.

SHANGAZI: Yote. Mimi si wa kumhukumu. Aliishi nyumba moja na mzee Han Wegerif, mjane aliyemzidi umri sana, wakapendana. Halafu akampenda Julius Spier, Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani, aliyekuwa akisoma viganja vya watu na kutibu nyoyo zao. Kuna kurasa nilizozisoma haraka. Ila huyo Spier ndiye aliyemfanya akae chini aandike, na hilo namshukuru.

BINTI: Mimi kilichonivutia ni vitu alivyopenda, vidogo vidogo kabisa. Meza yake ya kuandikia, kwa mfano. Nyumba ilikuwa mtaa wa Gabriël Metsustraat, namba 6, na dirisha lilitazama uwanja wa Museumplein. Mezani kwake pana maua, pana matunda ya msonobari yale makavu, pana picha ya msichana wa Kimaghribi. Anaipenda meza hiyo kama watu wanavyopenda nyumba nzima. Alipenda kukaa hapo usiku na kamusi za Kirusi, maana alikuwa amemaliza sheria, akaingia lugha za Kislavoni, na kipato chake kilikuwa kufundisha Kirusi.

SHANGAZI: Kirusi cha mamake.

BINTI: Mama yake alikuwa Mrusi, ndiyo, alikimbia mashambulizi dhidi ya Mayahudi kule kwao. Halafu alimpenda mshairi Rilke. Akiwa na huzuni, Rilke. Akiwa na furaha, Rilke. Na alipenda nusu saa yake ya asubuhi. Aliamua mwezi Juni 1941 kwamba kila siku, kabla ya kazi, atakaa kimya nusu saa ajisikilize. Nimejaribu wiki hii, shangazi. Dakika kumi tu zilinishinda.

SHANGAZI: Simu ulikuwa umeiweka wapi?

BINTI: Pembeni yangu.

SHANGAZI: Basi.

BINTI: Na asmini. Hebu lieleze wewe la asmini.

SHANGAZI: Nyuma ya nyumba palikuwa na asmini, umejibana kati ya ukuta na paa la gereji. Watu wa kule kwa baridi ile, kupata asmini! Sisi tunatunga vikuba, tunatia kichwani, tunatandaza kitandani kwa bibi harusi, harufu imeshatuzoea. Yeye alikuwa akisimama kuutazama tu. Anasema maua meupe vile, laini vile, hajui la kufanya na uzuri wake. Hii ni mwaka 1942, mwezi Juni na Julai. Hebu wataje wasikilizaji amri za mwezi ule.

BINTI: Mayahudi wasiingie maduka ya mboga. Wasalimishe baiskeli zao. Wasipande tramu. Saa mbili usiku wawe ndani. Na tangu Mei walikuwa wanashona nyota ya njano kwenye nguo.

SHANGAZI: Baiskeli, Uholanzi! Ni kumkata mtu miguu. Basi wakati huo huo mvua ikapiga siku kadhaa, ule asmini ukaharibika. Maua yakawa yanaelea kwenye madimbwi meusi juu ya paa la gereji. Na yeye katika dua yake asubuhi ya Jumapili anamwambia Mungu kwamba ndani yake asmini bado unachanua, kwa hiyo anamletea Yeye maua hayo. Mimi nimewahi kuomba dua nyingi maishani mwangu. Nyingi zilikuwa za kuomba. Huyu alikuja na kitu mkononi.

BINTI: Shangazi, nataka pia tuseme alivyochukia, maana tusije tukamfanya malaika. Kurasa za mwanzo amejaa malalamiko. Kichwa kinauma, tumbo linauma, leo hataki kuonana na mtu, kesho anajiona yeye ndiye mwandishi mkubwa ajaye. Anajilaumu kwa ulafi. Hapendi maneno mengi. Anataka kuandika kama zile picha za Kijapani, tawi moja tu la maua pembeni na karatasi nyeupe iliyobaki. Na hapendi kwenda kwao.

SHANGAZI: Deventer, kwa wazazi. Hapo alinichoma.

BINTI: Babake alikuwa mkuu wa shule ya sekondari pale, mtu wa Kigiriki na Kilatini, mpole. Nyumba lakini ilikuwa vurugu, hakuna mpango, mama mwenye hasira na maneno. Ndugu zake wawili, Jaap daktari na Mischa mpiga piano hodari sana, wote waliwahi kuumwa akili. Etty akienda siku mbili anarudi amechoka kama aliyebeba mizigo. Na anachoogopa kuliko yote ni kufanana na mamake.

SHANGAZI: Wangapi wanaotusikiliza sasa hivi wanaogopa hilo hilo.

BINTI: Na chuki yenyewe, kama chuki, aliikataa. Hapa ndipo ninapopata tabu naye.

SHANGAZI: Simulia ya yule askari.

BINTI: Februari 1942. Mayahudi wameitwa kwenye ofisi ya Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, wamepanga foleni, kijana mmoja nyuma ya meza anawafokea kila mmoja. Anamfokea na yeye. Na yeye anamtazama, anamhurumia. Anaandika kwamba alitamani kumuuliza, je, ulipokuwa mdogo ulionewa? Au mchumba wako amekuacha?

SHANGAZI: Malizia na sehemu ya pili, mwanangu, usiikate pale.

BINTI: Sehemu ya pili anasema vijana kama hao ni wa kuonewa huruma lakini wakiachiwa juu ya watu ni hatari, na lawama anauwekea mfumo unaowatumia.

SHANGAZI: Umeona? Hakuwa mjinga. Alijua hasa aliyesimama mbele yake. Aliona kwamba chuki ingeingia mpaka mezani kwake, mpaka kwenye asmini, isimbakishie kitu. Watu wake walikuwa wanamezwa na woga kila saa, wanajadili nani kaitwa, nani kachukuliwa. Yeye akashikilia haki ya kulipenda tawi la mti.

BINTI: Kuna bango pia. Siku moja anaendesha baiskeli pembezoni mwa mji, kila mahali pana mabango kuwakataza Mayahudi wasipite njia za kwenda mashambani. Anaandika kwamba juu ya njia moja waliyoachiwa, mbingu ipo nzima.

SHANGAZI: Ndiyo.

BINTI: Lakini nikisoma hayo najua mwisho wake, shangazi. Na yeye aliujua. Julai 1942 anaandika wazi kwamba wanataka kutumaliza. Halafu ukurasa wa mbele anajipangia safari! Akiitwa, atakata nywele fupi, atatupa rangi ya mdomo, atashonesha suruali na koti kwa kitambaa kizito cha baridi alichobakisha. Atakwenda kwa daktari wa meno, jino lisije likamsumbua huko. Mkobani atatia Biblia, Rilke, na kamusi zake mbili ndogo za Kirusi. Kamusi, shangazi.

SHANGAZI: Mimi ni jino lililoniliza. Kamusi ni za msomi. Jino ni la kila mtu.

BINTI: Na angeweza kujificha. Rafiki zake walimwandalia mahali. Mmoja, mwandishi Klaas Smelik, alisimulia baadaye kwamba alimkamata kwa mikono amlazimishe, Etty akajichomoa, akamwambia hamwelewi, anataka kupata yatakayowapata watu wake. Kwa hiyo akajitolea kwenda kambi ya Westerbork kusaidia waliokusanywa pale. Nilikasirika. Bado nimekasirika. Watu walijificha na hawakumsaliti mtu.

SHANGAZI: Kweli, hawakumsaliti. Na wengi kati ya waliojificha walikamatwa pia. Alikuwa na kazi ya kupiga taipu kwenye Baraza la Kiyahudi, lile lililoundwa kwa amri ya Wajerumani, akaichukia, akaona ni watu wachache wamekwea ubao wakati meli inazama. Alijua kwamba akibaki nyuma, mwingine ataingizwa behewani kujaza hesabu ya wiki ile. Hilo ndilo lilimkaa rohoni. Mimi pia ningemvuta mkono, mwanangu. Ningemvuta mpaka bega litoke. Lakini ningemwelewa.

BINTI: Treni ziliondoka karibu kila Jumanne. Zaidi ya Mayahudi 100,000 walipitishwa Westerbork kupelekwa mashariki. Kambi ya mchanga na matope, na nje ya waya maua ya zambarau, lupini. Katika barua moja ameyaandika yote pamoja, ndege, maua, bibi wawili wamekaa wanazungumza, jua usoni kwake, na mauaji yanafanyika mbele ya macho yao.

SHANGAZI: Na wazazi wakaletwa.

BINTI: Juni 1943. Wazazi na Mischa.

SHANGAZI: Hapo ndipo nilipomjua. Yule mama aliyekuwa akimkimbia, sasa anamtafutia mahali pa kulala, chakula, nafuu ya kila aina, anazunguka kambi nzima akiwahangaikia. Anasema wengine wote anaweza kuwaona wakiondoka, wazazi wake hawezi. Hakuandika kwamba ameacha kuudhika na mamake, na mimi nimempenda kwa kutoandika hivyo. Aliandika tu anakokwenda na anachobeba.

BINTI: Tarehe 7 Septemba 1943, Jumanne, wote wanne wakatiwa kwenye treni ya Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani kule Poland. Etty akarusha kadi ya posta nje ya behewa.

SHANGAZI: Imesema nini, kwa maneno yako?

BINTI: Kwamba ameketi juu ya mkoba wake katikati ya behewa la mizigo lililojaa watu. Kwamba wametoka kambini wakiimba, na baba na mama wametulia. Na kwamba safari imekuja ghafla.

SHANGAZI: Wazazi walikuwa naye?

BINTI: Hapana. Anasema baba, mama na Mischa wako mabehewa machache kutoka kwake.

SHANGAZI: Mabehewa machache. Na madaftari?

BINTI: Alikuwa ameshamwachia rafiki yake Maria Tuinzing, ampe Smelik vita vikiisha. Wachapishaji waliyakataa. Yalitoka mwaka 1981. Etty alikufa Auschwitz tarehe 30 Novemba 1943, ana miaka 29. Hakuna hata mmoja wa familia ile aliyerudi. Ile kadi iliokotwa na wakulima karibu na reli, wakaipeleka posta tarehe 15 Septemba. Siku hiyo baba na mama yake walikuwa wameshakufa.

SHANGAZI: Wale wakulima wangeweza kuiacha pale kwenye majani.

BINTI: Wangeweza.