Mwamba Hupimwa kwa Kurejewa

Wazee wangu wa diko hili tunaposhushia samaki, walimu, wanafunzi na ndugu zangu nyote, asalamu aleikum.

Nimeombwa nieleze tunajuaje kama miamba ya matumbawe, nyasi bahari na mikoko yetu iko katika hali njema au inadhoofika. Jambo ninalotaka tulishike ni kwamba macho ya siku moja hayatoshi. Mgeni akizama akaona samaki wa kila rangi hutoka na furaha, ilhali mzee aliyevua changu na tasi pale pale tangu ujanani anajua kilichopungua. Naye mzee asipoandikiwa kumbukumbu yake, huondoka nayo.

Kazi yenyewe huanza kwa utepe. Tunautandaza juu ya mwamba baina ya vyuma viwili vilivyopigiliwa, kisha mpimaji anaogelea taratibu akiandika kila kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Mwaka unaofuata anarudi kwenye vyuma vile vile. Niliwahi kuwa katika kundi ambalo halikuviona vyuma vyake, likatandaza utepe hatua chache pembeni, na hesabu ikaonyesha kwamba mwamba umepona. Tulifurahi sana, kumbe tulikuwa tumepima mwamba mwingine. Tangu hapo nashikilia kwamba chuma kilichofunikwa na mchanga kitafutwe hata kama kazi italala siku mbili.

Joto nalo linataka kuwahiwa. Ndani ya tumbawe huishi chembechembe za mwani zinazolilisha na kulipa sehemu kubwa ya rangi yake. Bahari ikizidi wastani wa mwezi wake wa joto kabisa kwa takriban digrii 1, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, mwani huo hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Hapo limepauka, halijafa. Maji yakipoa mapema laweza kurudi. Mwaka 1998 joto liliwahi kushinda, na miamba mingi ya Afrika Mashariki ikapoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Kwa hiyo mwisho wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, Machi na Aprili, ndio wakati wa kuzama mara kwa mara, kwa maana atakayesubiri kusi, upepo wa kusini, ikolee atakuta mifupa iliyoota mwani na atashindwa kusema ilikufa lini. Hata hivyo, mifupa hiyo huwa bado imesimama na umbo lake. Palipopigwa baruti hubaki shimo la vifusi vinavyobingirishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kifusi kisichotulia.

Ndiyo maana mimi huuliza kwanza habari za matumbawe machanga, yale yasiyofika sentimita 5. Mwamba wenye matumbawe makubwa tu, bila machanga, unanitia hofu kuliko ule uliopungua lakini unazaliwa upya.

Nyasi bahari za kina kifupi tunazipima wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, kwa fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50. Kwenye mikoko tunapima unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, isipokuwa mkoko wenye mizizi ya matao, ambao hupimwa sentimita 30 juu ya tao la juu kabisa. Visiki navyo tunavihesabu, kwa sababu msitu ukitazamwa kutoka baharini huficha kilichokatwa ndani.

Kazi hii haiwataki wenye shahada peke yao. Kule Chumbe, kisiwa cha Zanzibar chenye hifadhi iliyotangazwa mwaka 1994, walinzi wa mwamba walitoka miongoni mwa wavuvi, wakafunzwa, na wanaujua mwamba wao jiwe kwa jiwe. Kinachonisikitisha ni kuona watu wa diko wakitoa ngalawa na nahodha, kisha matokeo yanapelekwa mjini wasiyasikie tena.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: kabla kaskazi haijaanza, tuvikague vyuma vyote pamoja, kila chombo kitoe mtu mmoja wa kufundishwa kusoma utepe, na hesabu zisomwe hapa dikoni, kwa sauti, kabla ya kupelekwa ofisi yoyote.