Meier, Meyer, Maier, Mayr: Nyapara Aliyeacha Jina Kila Kijiji

Rehema: Karibu kwenye kipindi, msikilizaji. Leo tuna jina la ukoo la Kijerumani ambalo ukisoma historia ya Tanganyika unakutana nalo mara mbili bila kulitafuta. Kuna Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Halafu kuna Meyer Werft, kiwanda cha meli cha Papenburg, kilichounda Graf von Götzen mwaka 1913. Meli hiyo ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Ndiyo MV Liemba ya leo.

Baraka: Na swali linalofuata hapo halikosi: hao ni ukoo mmoja? Hapana. Familia ya Hans Meyer ni wachapishaji. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha kampuni ya Bibliographisches Institut mjini Gotha mwaka 1826. Wale wa Papenburg wanaunda meli tangu 1795, kaskazini-magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Uholanzi. Wajerumani wawili wenye jina hili wakikutana, hata hawaulizani kama ni ndugu. Wanaulizana tahajia.

Rehema: Tuanze na matamshi, maana hapo ndipo mzizi wa fujo. Meier, Meyer, Maier, Mayer: zote zinatamkwa karibu sawa na "maiya", ile r ya mwisho haisikiki. Kwa hiyo kwenye simu au kaunta ya benki mtu hujitambulisha kwa herufi: "Meyer, kwa e na y." Asipofanya hivyo, faili lake litaandikwa vingine.

Baraka: Asili yake ni Kilatini, *maior*, mkubwa. Kwa ukamilifu ni *maior domus*, mkubwa wa nyumba. Kwa Wafaranki, watawala wa kale wa maeneo ya Ufaransa na Ujerumani ya leo, cheo hicho kilipanda hadi ikulu: Karl Martell alikuwa *maior domus*, na mwanawe Pippin akamwondoa mfalme mwaka 751, akakaa yeye. Lakini jina la ukoo halikutoka ikulu, lilitoka shambani.

Rehema: Eleza shamba lenyewe lilivyokuwa.

Baraka: Bwana, au abasia, yaani nyumba ya watawa, ana shamba kuu. Kulizunguka kuna mashamba ya wakulima, kila moja likiitwa Hufe, kwa kawaida likihesabiwa Morgen 30, na Morgen moja ni kama robo hekta. Wakulima wanalima vyao, na siku zilizopangwa wanakwenda kulima kwa bwana. Wanatoa pia nafaka, kuku, mayai. Bwana mwenyewe hayupo, labda ana mashamba mengine kumi. Anayebaki pale kuhesabu magunia, kugawa kazi na kumwita mtoro ni Meier.

Rehema: Nyapara.

Baraka: Nyapara hasa, kama wa mashamba ya mkonge ya Tanga, ila huyu alikuwa na shamba lake pia na mara nyingi aliamua kesi ndogondogo. Katika maagizo ya kifalme ya miaka ya karibu na 800 kuhusu usimamizi wa mashamba, *maiores* wametajwa waziwazi. Agizo moja linasema msimamizi asipewe eneo kubwa kuliko analoweza kulizunguka au kulikagua kwa siku moja. Lingine linasema wasiteuliwe watu wenye nguvu, wateuliwe wa hali ya kati walio waaminifu.

Rehema: Hilo la pili lina akili sana. Mwenye nguvu angeligeuza shamba la bwana kuwa lake.

Baraka: Na ndivyo ilivyotokea sehemu nyingi! Kuanzia karne ya 12 na 13 mfumo huo ukavunjika. Mabwana wakachoka kusimamia kazi za lazima, wakaona heri kupangisha. Shamba kuu likapangishwa, mara nyingi kwa Meier yuleyule. Cheo kikageuka: zamani msimamizi, sasa mpangaji mkubwa. Huko Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani, ikazaliwa sheria nzima ya upangaji, Meierrecht. Mwanzoni mkataba ulikuwa wa miaka michache, ukihuishwa. Kufikia karne ya 16 na 17 ukawa wa kurithishwa, kwa masharti: kodi ya nafaka ilipwe, na shamba lisigawanywe.

Rehema: Sharti hilo la kutogawa linaeleza mengi kuhusu wingi wa jina. Mrithi ni mmoja. Wadogo zake wanaondoka na jina tu: wanakuwa vibarua, mafundi, wanajeshi, mabaharia. Kwa hiyo kijiji kimoja chenye shamba moja la Meier kinatoa kina Meyer wa miji mitatu.

Baraka: Na kila kijiji kilikuwa na Meier wake, au zaidi ya mmoja. Ndiyo maana jina halina chimbuko moja. Limezaliwa maelfu ya mara, mahali tofauti, bila watu kujuana.

Rehema: Lakini kijiji kikiwa na wawili, jina haliwatofautishi.

Baraka: Hapo ndipo majina ya kuunganisha yanapotokea, na mengi yanasomeka kama ramani. Shamba kuu likigawanywa mara mbili, la juu linakuwa la Obermeier, la chini la Niedermeier. La mashariki Ostermeier, la magharibi Westermeier. Aliye kando ya kijito ni Bachmeier. Anayelima ardhi ya kanisa ni Kirchmeier. Niemeyer ni Meier mpya, yaani wa shamba lililoanzishwa baadaye. *Nie* ni "mpya" katika Kijerumani cha kaskazini. Jina hilo lilifika hadi Brazili: ndilo la Oscar Niemeyer, msanifu wa majengo ya Brasília. Majina haya yamejaa hasa kwenye kanda mbili zilizo mbalimbali: mashariki mwa Westfalen, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, na Bavaria, kusini.

Rehema: Na huko Westfalen kuna mtego unaowaangusha watafiti wengi wa ukoo. Jina lilikuwa la shamba, si la damu. Mwanamume akioa binti mwenye shamba la Meyer na kuhamia pale, alichukua jina la shamba, na watoto wake wakawa Meyer. Ukifuata jina kurudi nyuma, unafika kwa watu ambao si babu zako wa upande wa baba kabisa. Dalili yake ni neno *genannt* kwenye vitabu vya kanisa, maana yake "aitwaye": fulani *genannt* Meyer. Jina la kwanza ndilo alilozaliwa nalo. Usilipuuze.

Baraka: Vilevile majina ya aina ya "Meyer zu" fulani. Wengi huona *zu*, neno la kutaja mahali, wakadhani ni dalili ya ukoo wa kikabaila. Mara nyingi ni mkulima mkubwa na jina la mahali shamba lilipo, basi.

Rehema: Turudi kwenye tahajia, kwa sababu mimi naona hapo ndipo jina hili linapokuwa tamu. Kwa nini *ai* kusini na *ei* kaskazini?

Baraka: Si uzembe wa makarani. Katika Kijerumani cha zama za kati kulikuwa na *ei* ya zamani, na kulikuwa na *i* ndefu. Kusini-mashariki ile *i* ndefu ikageuka nayo kuwa *ei*. Lakini kwenye mdomo wa Mbavaria sauti hizo mbili hazikulingana. Makarani wa huko wakazitenga kwenye maandishi: *ei* mpya wakaiandika *ei*, ile ya zamani wakaiandika *ai*. Meier lina *ei* ya zamani, hivyo Bavaria na jirani yake Swabia likawa Maier.

Rehema: Na *y*?

Baraka: Hiyo ni mapambo zaidi. Makarani wa karne ya 15 na 16 waliipenda *y* mahali pa *i*, hasa baada ya irabu nyingine. Hapo haina maana ya ziada.

Rehema: Basi kwa kifupi, ramani inakaa hivi: Meyer ni ya kaskazini, Niedersachsen na jirani zake, lakini pia ipo kwa wingi Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Maier ni ya Württemberg, kusini-magharibi, na Bavaria. Mayer ni ya kusini na Austria. Mayr, bila *e*, inakukokota hadi kusini mwa Bavaria na Austria, na Mair hadi Tirol Kusini, ambako leo ni Italia. Meier imetapakaa, pamoja na Uswisi. Uholanzi wanaandika Meijer.

Baraka: Ila ongeza tahadhari: ramani hii inahusu wingi, haihukumu mtu mmoja. Tahajia zilikuwa zikiyumba hadi ofisi za serikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo zilipoanza, Prussia, dola kubwa kuliko zote za Kijerumani wakati huo, mwaka 1874 na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuandikwa Maier na Mayer na padri yuleyule. Baada ya hapo, alivyoandika karani ndivyo ilivyobaki.

Rehema: Halafu kuna Mayer wa Kiyahudi, na hawa asili yao ni nyingine. Meir ni jina la Kiebrania, maana yake "anayetoa nuru". Lilianza kama jina la mtu binafsi. Mayer Amschel Rothschild wa Frankfurt, Mayer ni jina lake la kwanza. Sheria zilipowalazimisha Wayahudi kuwa na majina ya ukoo ya kudumu, Austria mwaka 1787 na Prussia 1812, wengine wakachukua jina la baba, na kwa kuwa lilisikika sawa na la Kijerumani, likaandikwa hivyohivyo. Golda Meir alikwenda njia ya kurudi: jina la mume lilikuwa Meyerson, akalifanya la Kiebrania mwaka 1956.

Baraka: Kwa hiyo kumwona mtu anaitwa Meyer hakukuambii dini ya mababu zake. Kitabu cha kanisa au cha sinagogi ndicho kitakachokuambia.

Rehema: Sasa wingi wake leo. Watu wanataka namba moja, na namba moja haipo, kwa sababu inategemea unahesabu nini. Ukihesabu tahajia moja, Meyer peke yake iko ndani ya kumi bora za Ujerumani, nyuma ya Müller, Schmidt, Schneider. Ukijumlisha tahajia zote, ukoo huu wa majina unapanda hadi kusogeleana na Müller na Schmidt.

Baraka: Na chanzo cha hesabu ni muhimu. Atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani, waliyoiongoza Konrad Kunze na Damaris Nübling, ilitumia laini za simu za nyumbani za mwaka 2005. Laini moja ilikuwa ya nyumba nzima, kwa hiyo namba ya laini si namba ya watu. Mtu akikuletea "kuna kina Meyer elfu kadhaa", muulize: laini au vichwa?

Rehema: Wingi huo una athari za kisheria hata. Kanuni za utawala za Ujerumani kuhusu kubadili jina zinayataja Meyer, Müller, Schmidt na Schulz, kwa tahajia zote, kama majina yasiyotofautisha watu tena. Mtu anaweza kulitumia hilo kama sababu ya kuomba jina jingine. Na tangu tarehe 1 Mei 2025 wanandoa wanaweza wote wawili kubeba jina linalounganisha la mume na la mke. Zamani aliruhusiwa mmoja tu.

Baraka: Wingi umelifanya jina kuwa la kutania pia. Kijerumani kina akina -meier wa kubuni: Schlaumeier ni mjuaji, Angstmeier ni mwoga, Vereinsmeier ni yule asiyekosa kikao cha chama chochote.

Rehema: Huyo wa mwisho kila mtaa anaye. Haya, msikilizaji anayetafuta babu aitwaye Meyer aanzie wapi?

Baraka: Kijiji kwanza. Bila parokia usifungue hifadhidata yoyote, utazama. Kama ukoo ulihamia Marekani, tafuta kwenye hati za kanisa la huko jina la mahali alikozaliwa. Na jua kwamba Pennsylvania wengi waligeuka Moyer au Myers, ingawa Myers inaweza pia kuwa ya Kiingereza tupu.

Rehema: Wengine wanasingizia makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York.

Baraka: Hawakubadilisha majina. Walisoma orodha zilizoandikwa na kampuni za meli huko watu walikopandia. Mabadiliko yalikuja baadaye, shuleni, kazini, kanisani.

Rehema: Kwenye kutafuta, kosa la kawaida ni kuandika tahajia moja. Ukitumia alama za kuulizia, kila moja ikisimama mahali pa herufi moja yoyote, M??er inaleta Meier, Meyer, Maier na Mayer kwa mpigo. Inaleta pia Moser na Mauer, hao ni watu wengine. Na inamwacha Mayr, kwa sababu hana *e*. Kwake fanya utafutaji wa pili: M??r.

Baraka: Programu nyingi zina utafutaji wa kimatamshi. Kölner Phonetik, mfumo wa mwaka 1969 uliotungwa kwa ajili ya Kijerumani, unaipa M namba 6 na R namba 7, irabu zinaondolewa. Tahajia zote za Meier zinakuwa 67, hata Mayr. Lakini N nayo ni 6, kwa hiyo Neuer ni 67, na Mohr ni 67. Orodha inavimba, ndiyo maana nasema kijiji kwanza.

Rehema: Na kina Meier wawili ndani ya kijiji kimoja utawatenga vipi?

Baraka: Kwa namba ya nyumba, jina la shamba na wasimamizi wa ubatizo. Wasimamizi hurudia kutoka familia zilezile, mtoto baada ya mtoto. Jina la kwanza peke yake halisaidii, kila nyumba ina Johann.

Rehema: Kwa vitabu vya Kikatoliki jaribu tovuti ya Matricula, ni bure. Vya Kiprotestanti viko Archion, unalipia. Rekodi za serikali za kuanzia 1876 zinafunguliwa kwa umma kwa zamu: vizazi baada ya miaka 110, ndoa baada ya 80, vifo baada ya 30. Kwa hiyo cheti cha kifo ndicho unachokipata mapema, na mara nyingi kina umri na mahali pa kuzaliwa.

Baraka: Na wanawake. Kwenye vitabu vya zamani, hasa vya kusini, jina la mwanamke liliongezwa *-in*. Ukiona Mayrin kwenye kitabu cha ubatizo cha karne ya 18, usianze kuutafuta ukoo wa Mayrin. Ondoa *-in*, andika Mayr, endelea na ukurasa.