Mistari Myeusi kwenye Picha za Watoto

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliojazana huko nyuma, mada yetu ni watoto wanaofanywa wasanii wa K-pop, ule muziki wa pop wa Korea Kusini, na najua mmekuja kuwalinda wasanii wenu. Karibuni sana. Hao hao ndio ninaowatetea leo.

Walionisikia kabla wanajua nitaanzia wapi. Machi 2025, kituo cha televisheni cha MBN cha Korea Kusini kilikuwa kinajiandaa kurusha shindano lililoitwa Under 15. Wasichana 59, wote wa miaka 15 kushuka chini, wadogo kabisa wana miaka 8, washindane kuingia kundi la K-pop. Picha zao zikatoka. Vipodozi usoni, mikao ya watu wazima. Na kwenye picha hizo, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, ikawekwa mistari myeusi, ile inayosomwa na mashine dukani ukinunua sabuni.

Tukae hapa kidogo. Picha haijipigi. Kuna aliyebuni, kuna aliyepanga, kuna aliyeidhinisha. Watu wazima wangapi waliiona ile mistari kabla yetu, asitokee hata mmoja wa kusema, jamani, huyu ni mtoto? Watayarishaji walijitetea kwamba walikuwa wanaiga kitambulisho cha mwanafunzi. Mimi nimefundisha darasa la pili na la tatu miaka mingi. Wa miaka 8 nawajua. Meno ya mbele bado hayajakaa sawa. Ukimwambia, "Ukicheza vizuri mwalimu atafurahi," atacheza mpaka miguu imuume, na hatakwambia inamuuma, kwa sababu anataka ufurahi. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "watoto wenyewe wanataka" nakosa subira. Anachokitaka mtoto ni uso wako utabasamu. Ukiwa mtayarishaji, huo uso ni wako, na unajua unachokifanya.

Kelele za watu zikazidi, kipindi kikaondolewa siku chache kabla ya 31 Machi, siku kilipopangiwa kuanza. Wengi walishangilia. Mimi nilikuwa nawafikiria watoto 59 walioshapigwa picha.

Sasa mtaniambia, mwalimu, mbona mwimbaji BoA alianza mwaka 2000 akiwa na miaka 13, akawa malkia? Mbona Jang Wonyoung alishika nafasi ya kwanza kwenye shindano la televisheni la Produce 48 siku aliyotimiza 14? Mbona Hyein wa kundi la wasichana la NewJeans alipanda jukwaani 2022 akiwa na 14? Kweli. Hao mnawajua majina. Nitajieni mwanagenzi mmoja aliyeingia kampuni akiwa na miaka 11, akafanya mazoezi kila siku baada ya shule mpaka usiku, akapimwa uzito, halafu akaambiwa arudi nyumbani. Hamumjui, na wa namna yake ndio wengi.

Wengine wanasema wazazi walitia sahihi. Hata wavulana wa The East Light, bendi ya Korea Kusini, walikuwa na wazazi. Oktoba 2018 mpiga ngoma wa kundi hilo, kijana wa miaka 18, alikaa mbele ya waandishi wa habari akaeleza jinsi yeye na mdogo wake walivyopigwa na mtayarishaji wao kwa miaka, na kwamba walitishwa wasiwaambie wazazi. Mwaka uliofuata mahakama ikamfunga mtayarishaji. Sahihi ya mama haiingii chumba cha mazoezi.

Sheria ipo Korea Kusini, tangu 2014. Aliye chini ya miaka 15 asizidishe saa 35 za kazi kwa wiki. Aliyefikisha 15, lakini bado ni mtoto kisheria, saa 40. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi wasifanye kazi. Sawa. Sasa gawanyeni 35 kwa siku 7. Saa 5 kila siku, Jumapili ikiwemo, na shule iko pale pale. Mtoto wa darasa la sita! Halafu kuna mwanya: kesho yake ikiwa si siku ya shule, na mzazi na mtoto wakikubali, anaweza kuendelea hadi saa 6 usiku. Tumerudi kwenye sahihi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mikataba kwa haraka: mwaka 2009 watatu wa kundi la wavulana la TVXQ waliishtaki kampuni yao kwa kuwafunga kwa mkataba wa miaka 13, na mwaka huo huo tume ya ushindani wa haki ya Korea Kusini ikatoa mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7. Mtoto wa miaka 14 akitia sahihi hiyo, anatoka na 21. Ujana wake wote. Madeni ya mafunzo, yale ambayo kampuni humdai mtoto kwa kumfundisha, sitayafikia leo.

Binti yangu wa shati la kijani, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Hyein. Simama, uliza.